Siku Nne za Kimya Mwambani

Haneti,
Wilaya ya Chamwino,
Dodoma.

Jumapili, 8 Februari 2026

Mpendwa mwanangu Debora,

Mbukwa, mwanangu. Pokea salamu nyingi za huku nyumbani, kwanza zangu mimi baba yako mdogo, halafu za mama yako mdogo Lydia, ambaye tangu ulipotuambia kuwa theluji ya Uswisi imekufika magotini anakuombea viatu kila jioni kabla hatujala. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa mwili na kikohozi kimekuachia. Sisi ni wazima. Goti langu la kushoto bado linanisumbua, ila halijanizuia kufika darasani.

Mvua ilichelewa, kisha ikaja kwa fujo na kuozesha uwele wa kwanza shambani. Tulipanda upya. Sasa umefika kiunoni, na ndege hawajaanza kutusumbua. Baba yako amepanda mtama mweupe pande za bondeni na anajisifu kama kawaida yake.

Utashangaa kuona nimekuandikia kwa mkono wakati simu ipo. Nilijaribu kukurekodia sauti mara tatu na mara zote tatu nikafuta, kwa sababu kila nilipokaribia jambo lenyewe nilijikuta nazungumzia mvua. Ndugu yako Elieth amekuja kutoka Kizota, mjini Dodoma, kusali nasi. Kesho kabla hajarudi dukani kwake atazipiga picha kurasa hizi na kukutumia, ili zikufikie kabla ya tarehe ishirini, siku utakayosimama mbele ya wataalamu kuwaeleza habari za mwamba wetu. Karatasi zenyewe zitafuata kwa posta. Nakuomba uzisome mpaka mwisho kabla hujanipigia.

Nianze na shukrani. Ujumbe wako kuhusu sayari ya Mirihi niliwasomea wanafunzi wa darasa la saba. Niliwaeleza kuwa kule iliwekwa mashine ya kusikiliza mitetemo, dada wa hii yetu ya mwambani, na kwamba ilizimika mwaka 2022 baada ya vumbi kufunika paneli zake za jua. Niliwaeleza pia kuwa mpaka leo kumbukumbu zake zinasomwa, na mwaka jana watu walioziangalia upya walisema katikati ya sayari hiyo kuna kiini kigumu. Darasa lilitaka kujua nani alikuwa anafuta vumbi kule. Niliposema hakuna, walishauri nipelekwe mimi, maana wananiona kila Jumamosi na kitambaa changu nikifuta paneli ya mwambani. Walicheka sana. Nilicheka nao, lakini mwenzao nilikuwa nimeshikwa na aibu ambayo wao hawaijui.

Kisha ukaniandikia ile habari ya mwezini. Ulinieleza kwamba wale watu waliokwenda mwezini zamani waliacha vyombo vya kusikiliza ardhi, na kwamba miaka michache iliyopita kumbukumbu zile zilipopitiwa upya kwa kompyuta, iligundulika kuwa baadhi ya vishindo vilivyokuwa vinasikika kila asubuhi havikutoka kwenye mwezi kabisa. Vilitoka kwenye kitako cha chombo chao wenyewe walichokiacha pale, kikitanuka kila kilipopigwa na jua. Uliandika kwa kicheko: "Fikiria baba mdogo, miaka hamsini watu wanausingizia mwezi." Mimi sikucheka. Niliisoma mara mbili, nikaiweka simu chini ya mto.

Maana mwisho wa ujumbe huohuo uliniambia mwamba wetu una tabia kama hiyo, ila wa kwetu ni wa kweli. Ulisema mashine imenasa vishindo vidogovidogo maelfu, mwezi Juni hadi Agosti mwaka jana, kila siku jua linapopamba moto mpaka alasiri, na kwamba unaamini ni mwamba wenyewe unaopasuka ndani kwa ndani kwa joto. Mwenzako mmoja wa huko alibisha, akasema hao ni watu. Ulimjibu kuwa daftari la msimamizi lina neno moja tu kwa siku zote hizo, na msimamizi ni baba yako mdogo, mwalimu wa sayansi kwa miaka ishirini na sita. Akiandika kimya, ni kimya.

Debora, hakikuwa kimya. Mwenzako amesema kweli. Ni watu.

Afadhali nimelisema. Sasa nikueleze lilivyotokea, maana usipojua mwanzo wake utadhani nilifanya kwa kukudharau.

Unakumbuka ulivyokuja Oktoba 2024 na nyundo yako, ukaugonga mwamba huku na kule, ukasema huu ni mwamba safi, umeshikana na ardhi mpaka chini. Akina mama waliokuwa wamesimama pale walitazamana. Wao walikuwa wanajua zamani kuwa ni safi, kwa sababu ndipo wanapopuria uwele na mtama tangu kabla baba yako hajazaliwa. Mashine yako ilihitaji mwamba usio na udongo, na nafaka nayo ilihitaji mwamba usio na udongo. Mimi ndiye niliyesimama kwenye mkutano wa kijiji nikawashawishi waukabidhi kwa sayansi. Nilizungumza vizuri mno siku ile. Walikubali kwenda kupuria chini, kwenye udongo walioushindilia na kuupaka samadi, na mimi nikazungushia mwamba boma la miiba. Kuanzia hapo wakaanza kuniita Profesa, na sikuwakataza.

Daftari ulilonipa nililijaza kwa uaminifu miezi ya mwanzo. Angalia kurasa za Novemba, utaona nimeandika hata ng'ombe kumi na wanne wa jirani waliopita saa nne asubuhi, na upepo wa tarehe tisa uliong'oa bati la jiko la shule. Sikuwa mvivu, Debora. Nilikuwa najivuna, na kwa muda fulani majivuno yalifanya kazi nzuri.

Juni tukavuna. Lydia alipura uwele wetu kwenye udongo kama tulivyokubaliana, akausaga, akapika ugali na mlenda, tukampelekea bibi yako. Unajua mama yangu alikuwa amebakiza meno manne. Alitia tonge la kwanza mdomoni, akasaga mchanga, akalitema kiganjani na kulitazama. Hakulalamika. Aliuliza tu, "Nikodemo, ule mwamba mmeupeleka wapi?"

Kesho yake niliivuta miiba kwa mkono wangu nikaacha uwazi wa kupita watu wawili. Nilijiambia ni kwa ajili ya mama tu, debe moja, mara moja. Lakini mwamba uko juu, na fimbo za kupuria zinasikika mpaka barabarani. Jirani akaona, na wa pili akaona. Ningewazuiaje, mimi niliyekuwa wa kwanza? Nasra, yule mjane kutoka Kondoa mwenye duka la nafaka, aliniuliza waziwazi kama mashine haitasikia. Nilimjibu kwa sauti ya darasani kuwa ile imetengenezwa kusikia matetemeko ya nchi za mbali, haina shughuli na fimbo za akina mama. Nilisema hivyo mimi, mwalimu wa sayansi, bila kufikiri hata dakika moja. Nasra akapanga zamu.

Na zamu zake ndizo zilizokupoteza. Ungeona mapumziko ya kila Jumapili ungewatambua watu mara moja. Lakini Nasra ni mtu wa mpango. Jumapili sisi tukiwa kanisani, Wasabato walikuwa mwambani. Jumamosi wao wakisali, tulikuwa sisi. Ijumaa adhuhuri Waislamu wakienda msikitini, waliwapisha wengine. Mwamba haukupumzika hata siku moja, na uwele hupurwa jua likiwa kali, masuke yakiwa makavu. Kwa hiyo ukaona vishindo vinavyofuata jua bila kujali siku ya wiki, ukasema hiki si kitu cha binadamu. Hesabu zako hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa chini ya hesabu.

Miezi hiyo sikuandika chochote. Kila jioni nililiona daftari juu ya kabati nikasema kesho. Kisha mwezi wa nane wewe ukanijulisha kwamba kijana wa mradi anakuja kuchukua kadi ya kumbukumbu na kupiga picha daftari. Nilikaa mezani mchana mmoja, baada ya kula, nikaandika Kimya, Kimya, Kimya, tangu Juni hadi siku ile, kwa kalamu moja. Nilibadilisha kidogo mwandiko ili ionekane ni siku tofauti. Hilo la mwandiko ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu linaonyesha nilijua ninachokifanya. Miaka ishirini na sita nimewachapa watoto kwa kunakili majibu.

Lydia alikuwa ananitazama kutoka mlangoni. Alisema, "Umeandika kimya siku ambayo mimi mwenyewe nilikuwa napura hatua tatu kutoka kwenye hiyo mashine." Nilimwambia ni mambo ya kiofisi, hawezi kuyaelewa. Hajawahi kulirudia, na mimi sijawahi kumwomba radhi mpaka leo asubuhi.

Basi Jumapili iliyopita ukanitumia swali. Uliandika kwamba kuna siku nne, tangu Jumatatu tarehe 14 hadi Alhamisi tarehe 17 Julai, ambapo mwamba ulinyamaza kabisa. Umeangalia picha za setilaiti, hapakuwa na wingu. Joto lilikuwa lilelile. Mashine ilikuwa nzima, kwa sababu usiku wa siku hizo ilinasa tetemeko dogo la mbali bila shida. Siku nne hizo zinaharibu hoja yako yote, na wataalamu watakuuliza. Ukalifungua daftari, ukakuta siku hizohizo nne ndizo pekee nilizoziacha wazi. Ukaniuliza kwa upole, "Baba mdogo, ulikuwa unaumwa?"

Nimekaa na swali lako siku saba. Ningeweza kusema ndiyo, nilikuwa naumwa, nawe ungeniamini na kunipa pole. Kumbe kulijibu swali hilo ni kukufungulia jambo la pili, na hilo ni kubwa kuliko uwele. Nakuomba ukae chini.

Bibi yako hakufariki tarehe tatu Agosti.

Tulikupigia tarehe tatu Agosti, siku nne baada ya mtihani wako. Baba yako alikuambia mama ametutoka na tumeshamzika, wewe ukaelewa kuwa ni jana yake au juzi yake, na hakuna kati yetu aliyekusahihisha. Ulilia ukauliza kwa nini hatukukusubiri. Tukakujibu habari za joto na umbali. Ukweli ni kwamba mama alifariki Jumatatu tarehe 14 Julai, alfajiri, kitandani kwake, bila kusumbuka. Wewe ulikuwa umebakiza siku kumi na sita ufanye ule mtihani wa kukuruhusu kuendelea na shahada yako ya uzamivu.

Unazijua desturi zetu. Mwanafunzi akiwa kwenye mtihani hapewi msiba. Hata mimi nilipokuwa chuoni walinificha kifo cha babu yako wiki tatu, na nilipofika nyumbani nikakuta nyasi zimeota kaburini. Nilikasirika sana nikaapa sitamfanyia mtoto wa mtu hivyo. Lakini asubuhi ile baba yako aliposhika simu akupigie, mimi ndiye niliyemnyang'anya. Alisema, "Debora ana haki ya kujua." Nilimjibu, "Kimya kwanza, amalize." Niliwazungukia ndugu wote mmoja mmoja nikawakataza kuweka picha yoyote kwenye makundi ya simu. Baba yako amelibeba jambo hili kwa ajili yangu miezi saba, kwa hiyo ukikasirika, usimkasirikie yeye.

Sasa umeshaelewa zile siku nne. Mama alipofariki, Nasra alipita mlango kwa mlango akifuta zamu. Wasabato waliweka fimbo chini, Waislamu waliweka fimbo chini, nasi pia. Hakuna aliyepura hata suke moja mpaka tulipoanua matanga Alhamisi jioni. Ijumaa tarehe 18 wakarudi mwambani, na wewe huko ukaona mwamba umeanza tena.

Na mimi, siku ile nilipokaa kujaza uongo wangu, nilipofika tarehe 14 kalamu ilikataa. Neno lilikuwa lilelile, na kwa siku hizo lingekuwa kweli tupu, siku nne pekee za kweli katika msimu mzima. Sikuweza kuliandika. Niliruka mistari minne nikaendelea tarehe 18.

Nimefanya kidogo ninachoweza. Ndani ya bahasha itakayokuja kwa posta utakuta orodha ya zamu, kaya thelathini na moja, siku kwa siku. Nasra alikuwa ameziandika nyuma ya kalenda ya mwaka jana na hakuitupa. Nilipokwenda kumwomba ilinibidi nimweleze sababu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mwalimu, sisi tulikuuliza, ukatuambia haina masikio," kisha akaing'oa kalenda ukutani akanipa. Elieth atakutumia picha yake pamoja na barua hii. Ukiilinganisha na vishindo vyako nadhani utaweza kusema hata nani alikuwa anapiga kwa nguvu.

Kwa hiyo tarehe ishirini usisimame na hoja ya joto. Waambie ukweli, na waambie jina langu. Sema daftari liliandikwa na Mwalimu Nikodemo na ni la uongo kuanzia Juni. Mwenzako aliyebisha, mpe salamu zangu na umwambie naomba radhi. Kama itabidi mashine ihamishwe nitaichimbua kwa adabu na kuifunga vizuri. Jana nilisimama mwisho wa mkutano wa wazazi nikawaomba waache kuniita Profesa. Walidhani natania.

Kuna jambo moja tu ninaloweza kukupa, na nalo si langu. Mama tulimzika Jumatano tarehe 16, karibu na babu yako, chini tu ya mwamba, hatua kama mia mbili kutoka kwenye mashine. Ifungue siku hiyo. Anza saa tisa alasiri, ambayo kwa saa ya mashine yako ni saa sita mchana. Utaona kimya. Hicho ni sisi tukiwa tumesimama, kijiji kizima, mchungaji akisoma. Baada ya hapo sijui kama chombo chako kinaweza kusikia koleo. Wewe ndiye mtaalamu. Kama kinaweza, utaona vishindo kwa muda wa robo saa hivi, vizito mwanzoni, na mwisho vyepesi vya kushindilia. Vile vya mwanzo ni baba yako, kwa sababu alikataa kumpisha mtu.

Ulilia kuwa hukuwapo. Msiba wote umekuwa nao mezani kwako tangu Agosti, ila nilikufichia siku yake.

Wasalimie wenzako unaoishi nao, hasa yule dada wa Kenya anayekupikia chai. Baba yako Bartolomayo anakusalimia, nimemwambia ninachoandika naye akasema ni sawa. Lydia anakusalimia na kuuliza tena habari za viatu. Elieth alikuwa amekaa hapa pembeni, akasoma ukurasa wa kwanza, akatoka nje. Nasra anasema ukija safari ijayo uje Julai, akufundishe kushika fimbo.

Mungu akulinde katika baridi hiyo, akunyooshee ulimi tarehe ishirini, na akupe moyo wa kunisamehe kwa wakati wako, hata ukichukua muda mrefu.

Ni mimi baba yako mdogo, nikupendaye nikiwa na aibu yangu yote,

Nikodemo

Nimesahau. Kabla hatujafunika, kila mjukuu alitia udongo kwa mkono wake. Zamu yako ilipofika nilitia mimi, kiganja kimoja, nikataja jina lako. Hicho usikitafute kwenye mashine. Kilianguka taratibu.